Kufundisha Waromania maneno ya Kiingereza ya habari na taarifa: maswali yanayorudi kila wiki

Hii ni kwa sisi tunaofundisha Kiingereza kwa video tukiwa Nairobi, Arusha, Mombasa au popote, alafu ukifungua ratiba unakuta wanafunzi wako Bucharest, Cluj, Iași na Timișoara. Maneno ya habari ndo yanawapiga chenga sana, na wala sio kwamba hawayajui, shida ni kwamba wanayajua tayari kwa lugha yao. Kiromania ni cha ukoo wa Kilatini na kimeazima maneno mengi Ufaransa, so mtu akiona neno la Kiingereza anadhani ni ndugu yake, kumbe wamefanana sura tu.

## Mambo ya msingi

Lazima nijue Kiromania?

Hapana. Ila jua yale maneno yaliyo kwenye ukurasa huu, kwa sababu ukiyajua unaelewa kosa limetoka wapi na unalirekebisha mara moja badala ya kulirekebisha kila kipindi. Na wanafunzi wanafurahi sana wakisikia mwalimu wa Afrika Mashariki anataja "știri" vizuri. Hiyo ș yenye mkia chini ni kama sh yetu, na ț ni kama ts.

Kwa nini mwanafunzi anasema "informations" hata kama Kiingereza chake ni kizuri?

Kwa sababu kwao taarifa zinahesabika. "O informație" ni taarifa moja, "două informații" ni mbili, na dirisha la maulizo pale stesheni ya treni linaandikwa INFORMAȚII, kwa wingi. Kiingereza kinaandika "Information" basi, iwe moja iwe mia.

Usihangaike kumfundisha kanuni ya maneno yasiyohesabika maana kanuni anaijua toka shule, atakutajia bila kukosea alafu sentensi inayofuata anakwambia "I have many informations". We sikiliza neno linalotangulia. Akisema many, few, these, an, two, ujue s inakuja. Mrekebishe hapo hapo kwenye hilo neno la mbele, aseme "much", "some", "this", na utaona ile s inaanguka yenyewe. Kwangu hii inafanya kazi kuliko zoezi lolote la kujaza nafasi.

Maneno gani mengine yana shida hiyo hiyo?

Advice, kwa sababu wao wana "sfaturi". Evidence, wana "dovezi". Research, wana "cercetări". Homework, wana "teme", hii utaisikia kila Jumatatu. Gossip, wana "bârfe", na umbea kwao unahesabika mmoja mmoja.

Knowledge ndo ina vituko. Neno lao "cunoștințe" ni ujuzi na pia ni watu unaofahamiana nao, kwa hiyo mtu akikwambia "I have many knowledges in Cluj" usikimbilie kurekebisha sarufi, muulize kwanza, huenda anamaanisha ana watu anaowajua Cluj na neno alilokuwa analitafuta ni "acquaintances", au kwa lugha ya kawaida tu "I know a lot of people there".

Alafu mpe na upande wa pili, watu husahau hili: fact, detail, tip, clue, message, report na rumour zote zinahesabika. Mwanafunzi aliyekaripiwa sana kuhusu informations anaanza kuogopa s kila mahali anasema "I have some detail for you", sasa umetibu malaria umemwachia homa.

Kwa hiyo awe anasema "a piece of information" kila mara?

Jamani hapana. Ni sahihi lakini mtu akiitumia mara tatu kwa dakika anasikika kama karatasi ya mtihani. Watu wanaoongea Kiingereza kila siku wanasema "one thing", "something", "a detail". Badala ya "I need a piece of information from you" mfundishe "Can I ask you something?" au "I need to check one thing". Hiyo "piece of" muachie kwa advice, evidence na news, pale inakaa vizuri.

"News is" au "news are"?

"News is", daima. Wao wana "știri" kwa wingi, taarifa ya habari ya Pro TV yenyewe inaitwa Știrile Pro TV, so "the news are bad" inawatoka bila kufikiria. Kibaya zaidi siku hizi Kiromania kimemeza "fake news" kizima kizima na kuipa wingi wa kwao, utaona watu wanaandika "fake news-uri". Mwanafunzi akisema "I saw a fake news" mpe "a fake story" au "a fake news story", inaisha hapo.

Hii "data" na "date" mbona inawavuruga hivyo?

Hii naipenda kwa sababu imepindana vibaya. Kwa Kiromania "date" ni data, na "data" ni tarehe. Fungua fomu yoyote ya kwao utaona "Data nașterii", yaani tarehe ya kuzaliwa, na chini yake kuna aya ndefu kuhusu "date cu caracter personal", yaani taarifa binafsi. Maneno yale yale mawili ya Kiingereza, yamebadilishana viti. Kwa hiyo mwanafunzi anayejaza fomu ya Kiingereza ya chuo akikutana na "Date" na "Data" kwenye ukurasa mmoja anasimama kidogo, ana haki.

Zoezi zuri ni kumpa fomu halisi, ya maombi ya kazi au ya visa, aisome kwa sauti. "Date" kwa Kiingereza ni silabi moja, "deit", wakati kwao ni mbili, da-te. Sauti ikikaa maana inakaa.

Kuhusu "data is" au "data are", kwenye ofisi, kompyuta na magazeti mengi ni "is". Kwenye makala za kisayansi bado utakutana na "are". Mwambie achague moja asichanganye kwenye andiko moja.

## Kusema, kuambia, kupata habari

Namfundishaje tofauti ya "say" na "tell"?

Hapa Kiswahili kinakusaidia wewe mwalimu kuielewa. Sema na ambia. "Alisema kwamba", "aliniambia kwamba", huwezi kusema "aliambia kwamba" ukaacha hewani. Say na tell zinaenda karibu hivyo hivyo. Kiromania wana "a spune" na "a zice" na zote mbili zinabeba mtu bila shida, "mi-a spus", "mi-a zis", ndo maana unasikia "he said me". Mpe sheria moja fupi: kama mtu yupo baada ya kitenzi, ni tell. Kasoro "say to", na hiyo hutumika hasa ukinukuu maneno yenyewe.

Na "explain me"?

Chanzo ni "explică-mi". Lakini tuwe wakweli hili kosa ni la kwetu pia, sisi tuna "nielezee" na nusu ya walimu wanasema "explain me" mikutanoni. Kiingereza kinataka "explain it to me". Vitenzi vya kundi hili wape kwa pamoja, vinakuja sana kwenye barua pepe: explain, describe, mention, report, suggest, announce. Vyote mtu anakuja na "to", na suggest ndo ngumu zaidi, "suggest me a book" utaisikia mpaka level ya C1, yaani ya juu kabisa karibu.

"Inform" mbona wanaitumia kila mahali?

Kwa sababu barua rasmi ya Kiromania inaanza na "Vă informăm că", na nyingine inasema "vă aduc la cunoștință", neno kwa neno ni nakuletea kwenye ujuzi wako. Sasa mtu wa ofisi anaandika "I bring to your knowledge that the meeting is moved". Anataka "bring to your attention", na hata hiyo ni nzito kwa kikao kilichosogezwa nusu saa. "Just to let you know" inatosha.

Ni kweli inform sio kosa, ila ina suti na tai. Benki inakuinform, polisi wanakuinform. Rafiki anakutell.

Anasema "I have heard the news yesterday". Nifanyeje?

Kosa hili ni la wakati, ila nimeliweka hapa kwa sababu linatokea zaidi mtu akiongelea habari aliyoipata. Kiromania "am aflat ieri" ina kitenzi cha kuwa na pamoja na kitenzi kingine, imefanana kabisa kwa umbo na "I have found out", na ndo njia ya kawaida ya kusema jambo lililopita. Sisi tuna -li- na -me-, "nilisikia jana", "nimesikia", so wewe unaisikia tofauti hata kabla hujaieleza. Yeye mwambie atafute neno la muda kwenye sentensi, kukiwa na yesterday, last night, in 2019, ile have inatoka.

Na hapo hapo angalia find na find out. "A afla" ni kupata habari, "a găsi" ni kuokota au kupata kitu. Akisema "I found that she is married" anaeleweka, ila "found out" ndo yenyewe.

## Maneno yanayodanganya

Kuna orodha ya maneno yanayofanana lakini maana tofauti?

Orodha ipo ila mimi si shabiki wa kumtupia mtu orodha. Nitayasimulia kwa makundi na we chagua kutokana na kazi anayofanya mwanafunzi.

Ya matangazo kwanza maana ndo hatari. "Avertisment" kwao ni onyo. Advertisement ni tangazo la biashara. Mtu wa marketing akisema "we got an advertisement from the client" huenda wamepewa onyo na mteja. Tangazo kwao ni "reclamă", na "reclamație" ni malalamiko, so "I want to make a reclamation" ni mtu ana lalamiko, mpe "complaint".

Ya vyombo vya habari: "emisiune" ni kipindi cha TV au redio, lakini "I watched an emission" kwa Kiingereza umeangalia moshi wa gari. Mpe "programme" au "show". "Jurnal" ni shajara au taarifa ya habari ya jioni, gazeti ni "ziar", neno lililotokana na "zi" yaani siku. "Magazin" ni duka. "Revistă" ndo magazine. "Editor" kwao ni mchapishaji, mhariri ni "redactor".

Ya vitabu: "librărie" ni duka la vitabu, maktaba ni "bibliotecă". Mtoto akisema amenunua kitabu library usimshtue, alienda dukani kweli.

Ya makaratasi: "agendă" ni daftari la kupangia siku, wakati agenda ya kikao wao wanaiita "ordinea de zi". "Prospect" ni ile karatasi nyembamba imekunjwa ndani ya boksi la dawa, Kiingereza ni "leaflet". "Notă" ni alama ya shuleni, na kwao alama ni 1 mpaka 10, ndo maana unaambiwa "I took a ten note". "Buletin" watu wengi bado wanaita kitambulisho, japo jina rasmi ni "carte de identitate", kwa hiyo "I forgot my bulletin" ni mtu kaacha kitambulisho nyumbani.

"Evidence" nayo iko kwenye kundi hilo?

Iko, na inastahili nafasi yake. "Evidență" ni utunzaji wa kumbukumbu, rejista. Ofisi inayotoa vitambulisho ina neno "Evidența Persoanelor" kwenye jina lake, na mtu akitafsiri moja kwa moja anapata "evidence of persons" inayosikika kama kesi ya mauaji. Anachotaka ni "records" au "register". Mhasibu akikwambia "I keep the evidence of the invoices" hafichi ushahidi, anatunza kumbukumbu za ankara: "I keep track of the invoices". Ushahidi wenyewe kwao ni "dovadă" au "probă", na kuhusu wingi wake angalia swali la maneno yenye shida ya informations hapo juu.

"Sensible data" ni sahihi?

Sio sahihi. Wao wana "date sensibile", Kiingereza ni "sensitive data". Sensible ni mtu mwenye busara. Watu wa IT na wa rasilimali watu wanaihitaji hii mno tangu sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data, GDPR, ilipoanza kutumika Mei 2018, kila mkataba una aya hiyo.

"Actual information" je?

Akisema hivyo ana maana taarifa za sasa hivi, "actual" kwao ni ya wakati huu. Mpe "current" au "up-to-date". Na "a actualiza" ni "update". Kuwa macho kwa sababu "actual information" ni Kiingereza safi chenye maana nyingine, hakuna mtu atamrekebisha kazini, watamuelewa vibaya tu na mambo yataendelea.

Mwanafunzi wangu "studies informatics". Ni nini hasa?

"Informatică" ni sayansi ya kompyuta. Sekondari kuna mkondo wa hesabu na kompyuta, "matematică-informatică", wanafunzi wanauita mate-info na wana fahari nao. Kwa Kiingereza cha CV aandike "computer science". Informatics ipo vyuoni, ila nje ya hapo wengi watamuuliza ni nini.

## Kazini na kwenye siasa

Mwandishi wa habari anaandika "press communicate".

"Comunicat de presă". Ni "press release" au "press statement". Mtu wa habari mpe pia source, leak, off the record na on background (taarifa itumike bila kumtaja aliyeitoa), na record azoee kuitamka namna mbili: ikiwa jina mkazo uko mwanzo, ikiwa kitenzi mkazo uko mwisho.

Kuna neno la Kiingereza la "cerere pe 544"?

Ndio, "freedom of information request", wengi wanaita FOI request. 544 ni Sheria namba 544 ya 2001 ya Romania inayompa mtu haki ya kuomba taarifa za umma, ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 10, au hadi 30 kama kazi ni ngumu. Waandishi na watu wa asasi wanaitaja kwa namba tu kana kwamba dunia nzima inaijua. Kenya na Tanzania nazo zina sheria za haki ya kupata taarifa, zote za 2016, na ni mada nzuri ya mazungumzo kwa sababu unaweza kumuuliza kwa kweli na yeye akakuuliza kwa kweli.

Tofauti ya "misinformation" na "disinformation" nimwelezeje?

Ya kwanza ni habari ya uongo inayosambaa hata kama anayeituma hana nia mbaya, shangazi anafowadi meseji. Ya pili imetengenezwa makusudi kudanganya. Kiromania kwa kawaida neno ni moja tu, "dezinformare", linabeba zote.

Mada hii italetwa na wanafunzi wenyewe. Tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Katiba ya Romania ilifuta matokeo ya duru ya kwanza ya uchaguzi wa rais, baada ya nyaraka za idara za ujasusi kuwekwa wazi zikieleza kampeni iliyoendeshwa TikTok, na uchaguzi ukarudiwa Mei 2025. Watu bado wana hasira, wa pande zote mbili. Ushauri wangu: fundisha maneno, declassified, annul, interference, claim, allegedly, na usitoe maoni yako. Allegedly peke yake itakuokoa dakika kumi za mabishano.

## Kesi za pembeni

Mwanafunzi mzee alitaja "information services" na akanyamaza. Nimekosea nini?

Hujakosea. "Servicii de informații" ni idara za ujasusi, ile ya ndani inaitwa SRI, Serviciul Român de Informații, iliundwa 1990. Kiingereza ni "intelligence service", na hapo kuna mkanganyiko mwingine kwa sababu "inteligență" kwao ni akili tu.

Kabla ya hapo kulikuwa na Securitate, polisi wa siri wa utawala wa kikomunisti, kuanzia 1948 hadi utawala ulipoanguka Desemba 1989. Waliandika watu kwenye mafaili, na tangu sheria ya 1999 mtu anaweza kuomba kusoma faili lake kupitia taasisi inayoitwa CNSAS. Wengine walikuta mle ndani jina la jirani aliyewachongea. Kwa hiyo maneno file, source, informer na report kwa mtu wa miaka sitini na kitu sio msamiati wa ofisi. "Informer" ina dharau, "informant" ni ya kitaalamu zaidi, na source ni ya waandishi. Mpe tofauti hiyo kama anaihitaji, usichimbe.

Mtu ananiambia alilipa "two millions" kwa viatu.

Kama ni mtu mzima ni lei 200 (lei ni wingi wa leu, pesa ya Romania). Julai 2005 Romania iliondoa sifuri nne kwenye pesa yake, lei 10,000 za zamani zikawa leu 1, na wazee bado wanaongea kwa hesabu ya zamani. Alafu kuna "miliard", hiyo ni bilioni ya Kiingereza na ya kwetu, wakati "bilion" yao ni trilioni. Na nukta na koma zimebadilishana, 1.500 ni elfu moja na mia tano. Mwanafunzi anayesoma ripoti za fedha mpitishe kwenye namba kwa sauti kabla ya kitu kingine chochote.

Wanafunzi wa Moldova ni tofauti?

Kidogo. Lugha ni hiyo hiyo, bunge la Moldova lilipitisha Machi 2023 kwamba kwenye sheria zote iitwe Kiromania. Ila wengi wanajua Kirusi pia, na neno la Kirusi la information hutumika kwa umoja kama la Kiingereza, so kwao unaweza kujaribu njia ya mkato: mwambie afikirie sentensi kwa Kirusi kwanza. Kama hataki, na wapo wasiotaka kabisa, rudi kwenye ile mbinu ya kusikiliza many na these.